Kituku Alisema Kweupe

Sharon, mjukuu wangu, amenisumbua tangu Pasaka. Ati vijana wa kanisa wanakusanya habari za wazee wa hapa, na mimi niandike ya babu yake. Nimemwambia shule yangu ilikatika nikiwa bado nachora herufi kwa mchanga. Akaniita susu, yaani bibi, akasema andika tu vile unaongea. Kwani hawa vijana wenye simu za kila aina hawawezi kuandika wenyewe? Na mbona hawamuulizi mwenyewe? Najua mbona. Ukimtajia mishale siku hizi anachukua jembe anaenda shambani, hata kama jua limesimama utosini.

Haya, naandika. Atakayeona makosa ya herufi anyamaze. Makosa ninayoyataja mimi ni makubwa kuliko ya herufi.

Kituku ni mume wangu. Sisi ni Wakamba, lakini tumezeekea hapa Mboghoni, upande wa Taveta. Alikuja kijana, akaandikwa kufukuza ndege kwenye mpunga wa tajiri mmoja. Wenzake walipiga makopo na kupayuka mchana kutwa mpaka sauti zikaisha. Yeye alikuja na upinde wa baba yake na hakusema neno. Watu walikuwa wanasema Kituku anaona nyuki akiingia kwenye mzinga ulio ng'ambo ya mto. Alipenda sana kusikia hivyo. Akiambiwa, alikuwa anainamisha kichwa kama mtu anatafuta kitu alichoangusha, kumbe anaficha kicheko. Mimi pia nilimpendea hayo macho, sitasema uongo.

Mchezo ulianza na wajukuu. Walikuwa wakija likizo wanakaa kando ya ukuta na simu, kila mmoja na yake, kama watu waliofiwa. Kituku akakata fito, akawachongea pinde ndogo. Ncha za mishale akazivisha magunzi ya mahindi ili zisidhuru mtu. Halafu akachukua mifuniko yangu ya sufuria bila kuniuliza, akaining'iniza kwenye waya, mikubwa na midogo. Ule mkubwa ulilia kama kengele ya shule. Mdogo ulilia kama mtoto aliyekanyagwa kidole. Akawaambia, atakayeipiga mpaka itoe wimbo wa kanisani atakula firigisi. Hakuna aliyewahi kutoa wimbo, lakini firigisi waligombania, na simu zikabaki ndani zikilia peke yake.

Majirani wakasikia kelele, wakaja kuangalia. Baada ya muda ikawa ni desturi, Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakitoka kanisani, familia zinakuja kwetu na chakula chao. Walitoka Mahoo, wengine mpaka Mata. Kulikuwa na boga la kuviringisha kutoka juu ya ukingo wa mfereji, watoto wanalilenga likishuka. Kulikuwa na mchezo wa mume na mke, mmoja ashike upinde na mwingine avute kamba, na kama hamkupatana asubuhi, mshale unawaumbua.

Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa migomba. Ukishakata mkungu, lile shina halina kazi tena. Kituku alikuwa anayasimika mashina matatu pamoja, na kila familia inachora kwa makaa adui wake wa mwaka huo. Mwaka ndovu walipotumaliza, kila mgomba ulikuwa na mkonga. Mgomba ni laini, unashika mshale vizuri, lakini mshale wenyewe lazima uwe na ncha. Kwa hiyo huo ulikuwa wa watu wazima peke yao, na ulikuwa na sheria. Kituku anasimama kando, juu ya ukingo wa mfereji, mahali ambapo mtu anaona mbele ya migomba na nyuma yake. Aliyekwenda kuchomoa mishale akitoka, Kituku anaita, "Kweupe." Kabla ya hilo neno hakuna kuachia kamba. Mwenye upinde haangalii uwanja, anaangalia shabaha yake tu. Uwanja ni wa Kituku.

Sasa niseme ya macho. Nilikuwa nimejua. Mwanamume akimimina chai pembeni ya kikombe mara moja, ni bahati mbaya. Akifanya hivyo kila asubuhi, ni macho. Nilimwambia twende Voi, kuna madaktari huja kupima wazee. Akaniuliza kama nimeona kipofu hapa ndani. Basi nikaacha. Na zaidi ya kuacha, tukiwa njiani nilikuwa namnong'oneza ni nani anakuja, ili amsalimie kwa jina lake. Watu wakaendelea kusema, huyu mzee bado anaona mbali.

Kati ya waliokuwa wanakuja ni Crispus na mke wake Wakio. Ni Wataita, wametoka milimani wakajenga Mahoo. Crispus anasoma mita za maji. Wakio ni fundi wa kushona, na sare za kwaya yetu ni yeye alizishona zote, kijani kama jani la mgomba. Wana mtoto mmoja, Elsie. Hao wawili walikuwa wakiingia kwenye mchezo wa mume na mke, watu wanaacha kula. Jumapili ile ninayotaka kuisema, Wakio alimwambia, "Baba Elsie, wewe shika tu huo mti. Kulenga niachie mimi."

Crispus akasema, "Nimekuachia mshahara, sasa nakuachia na upinde. Mimi nibaki na nini?"

"Ubaki na mdomo. Huo hakuna anayeutaka."

Tulicheka mpaka mtu mmoja akamwaga mchuzi. Nawaambia maneno hayo kwa sababu baadaye yaligeuzwa.

Ikafika zamu yao ya migomba. Mshale wa kwanza wa Crispus uliingia sana kwenye shina la kushoto, Wakio akaenda kuuchomoa. Haukutoka. Akazunguka nyuma ya shina akalikumbatia, mwili wote uko nyuma, mkono tu umekuja mbele kushika mshale. Nyuma yake kuna shamba la ndizi, kijani tupu, na yeye amevaa ile sare. Crispus tayari alikuwa ameweka mshale mwingine, ameinamisha shingo, anaangalia shina la katikati. Kituku akaita, "Kweupe."

Mshale ulikwenda kushoto kidogo. Ulipita kwenye kiganja cha Wakio ukakishika pale pale kwenye mgomba. Hakupiga kelele. Aliita jina la mtoto wake tu, polepole, kama anamtuma kitu.

Tulimpeleka hospitali. Mkono ulipona lakini vidole viwili havikunji tena, na fundi asiyeweza kubana kitambaa mnajua ni fundi wa namna gani.

Sasa hapa ndipo pabaya. Jioni ile watu walimuuliza Kituku ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Akasema, "Mimi niliita kulipokuwa kweupe." Basi, hayo tu. Hakuna aliyebisha, nani atabishana na macho ya Kituku? Wakaamua wenyewe kwamba Crispus aliachia kamba kabla ya kuitwa. Wakakumbuka ule utani wa mdomo na mshahara, wakasema kumbe hawa walikuwa wanagombana. Mpaka ifike soko la Taveta ilikuwa imekuwa Crispus alimlenga mkewe kwa makusudi. Na Crispus mwenyewe, maskini, hakujua tena kama alisikia neno au hakulisikia. Aliacha kula mezani na mke wake. Akawa anakaa nje, anaangalia mikono yake.

Kituku hakuwa na nafuu. Aliing'oa ile migomba mitatu akaizika, ndiyo, aliizika, kama mizoga. Chakula alikuwa anakipeleka kwa kuku akidhani sijui. Kila akisikia pikipiki ya mita za maji anaingia ndani.

Kisha Fanuel akatuma habari. Huyo ni kaka mkubwa wa Wakio, amebaki milimani kwenye shamba la wazazi. Alisema anashuka Jumamosi kumchukua dada yake na mtoto, warudi nyumbani moja kwa moja, lakini hataki ionekane amevunja nyumba ya mtu bila ushahidi. Kwa hiyo Kituku aje aseme mbele ya watu wa pande zote mbili kama mshale ulitoka kabla ya neno au baada.

Tulikuwa tunapalilia vitunguu habari ilipofika. Kituku alisimamisha jembe, akasema bila kunitazama, "Mama Mulinge, nikisema ukweli, mimi nitakuwa nani?"

Nikamwambia atakuwa mzee mwenye mtoto wa jicho, wako wengi.

"Hao wengine hawakuwa Kituku."

Nilikasirika. Nilimuuliza Crispus naye ni nani, na yule mtoto, watalala wapi kwa sababu ya jina la Kituku. Aliendelea kupalilia. Nilipotazama nyuma yake, alikuwa amepalilia vitunguu na kuacha magugu. Nikayang'oa mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemsaidia kujificha. Kila jina nililomnong'oneza njiani lilikuwa tofali kwenye ule ukuta wake.

Jumamosi tulikwenda Mahoo. Mimi nilitangulia, yeye akafuata nyayo zangu, na safari hii sikumnong'oneza jina la mtu. Aliwapita watu wawili bila salamu. Walishangaa.

Nyumbani kwa Crispus watu walikuwa wamekaa nje kwenye viti vya kuazima. Mkoba wa Wakio ulikuwa mlangoni, umefungwa. Fanuel ni mtu mkavu, hakuzunguka. Akasema, "Mzee, sisi tunakuheshimu. Tuambie jambo moja tu. Shemeji yangu aliachia kabla hujaita?"

Crispus alikuwa ameinama. Nafikiri angeambiwa ndiyo, angekubali, na hata angeshukuru kwamba jambo limekwisha.

Kituku aliinuka. Akamgeukia Wakio. Alisema, "Wakio mwanangu, siku ile ulikuwa umevaa nini?"

Wakio akasema sare ya kwaya.

"Mimi niliona mgomba," Kituku akasema.

Akarudia, sasa kwa sauti. "Nilitazama nikaona mgomba. Nikaita kweupe. Huyu kijana aliachia baada ya neno langu, kama sheria inavyosema. Macho yangu yamekwenda zamani. Mke wangu anajua."

Watu wakanigeukia. Niliwatazama vilevile. Sikuinamisha kichwa.

Fanuel alimuuliza mbona amenyamaza muda wote huu. Kituku akasema, "Kiburi."

Ndipo Wakio akasema, na hakusema kwa hasira. "Mzee, huu mkono ningekusamehe siku ile ile, damu ikiwa bado inatoka. Bahati mbaya ni bahati mbaya. Lakini ulimwacha mtoto wangu aende shule akiambiwa baba yako alitaka kumuua mama yako. Hilo sijui nitalifanya nini."

Halafu akaenda mlangoni, akaushika mkoba kwa mkono ule mzima akaurudisha ndani. Fanuel alirudi milimani peke yake. Crispus alilia mbele ya watu, mwanamume mzima, na hakuna aliyemcheka.

Kituku amepelekwa Voi, jicho moja limetolewa lile doa na sasa linaona. Mnadhani alifurahi? Akamwona Wakio sokoni akijaribu kufungua pochi kwa meno. Alirudi nyumbani bila chumvi niliyomtuma. Wakio humjibu salamu, lakini hajasimama kuongea naye, na mimi simlaumu. Pinde ziko darini. Watoto wamerudi kwa simu zao.

Kituku amezunguka akisema ukweli, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mpaka Mata. Wanamsikiliza, wanampa kiti, wanasema pole mzee. Akishaondoka, wanaendelea na ile ya kwanza. Mume aliyempiga mke mshale ni hadithi tamu kuliko mzee asiyeona. Juzi tu nimesikia mwanamke kwenye foleni ya kusagisha unga pale posho mill akimwonyesha mwenzake Crispus kwa kidevu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uliwahi kusema hayo maneno, hata kwa kutikisa kichwa mwenzako akiyasema, sitaki pole yako. Ondoka hapo ulipokaa uende Mahoo, umtafute Crispus, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulimsemea uongo. Umwambie Elsie akiwepo, asikie. Ukimaliza, njoo uniambie umekwenda. Niko nyumbani, na nitakuuliza alikujibu nini, kwa hiyo usidhani utanidanganya.