Mparachichi Uliokosa Wakili

Mparachichi wangu ulikula samadi miaka mingi bila kutoa tunda hata moja, na kivuli chake kiliifunika chanja ambayo mke wangu huanikia kahawa. Akasema mti uzae au uondoke. Mimi niliupanda siku alipobatizwa mtoto wetu wa kwanza, nilitaka ubaki.

Nikakumbuka desturi ya wazee. Mti usiozaa hutishwa. Mmoja huupiga panga na kutangaza kuwa leo ndiyo mwisho wake; mwingine huutetea, nao kwa hofu na aibu huzaa. Nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu, na sikuona ubaya, maana hata katika Injili mtini ulipata wa kuuombea. Mke wangu akakubali kuwa wakili.

Jumapili baada ya misa, majirani wakipita, nikaupiga panga moja. Gome likafunguka.

"Leo nakukata!"

Nikamtazama wakili.

"Kata," akasema.

"Mama, sema neno lako."

"Ndilo hilo, baba. Kwetu ziwani huu ungekuwa mtumbwi zamani."

Majirani walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe. Nami nimesimama, panga juu, nimeshatamka mbele ya waumini. Ikabidi nizunguke shina na kuutetea mwenyewe: "Mzee, uuache mwaka huu nao!" Kisha nikarudi upande wa kwanza, nikajikubalia.

Mjukuu wetu anayesomea mimea chuo kikuu alikuwa likizo. Akaja kukikagua kidonda.

"Babu, maneno mti haujayasikia. Panga umelisikia."

Akaeleza kwamba ndani ya mti, vinasaba hutoa amri: refuka, chipua, jikinge. Viko vitu vidogo mno viitwavyo RNA ndogo, na kazi yao ni kuzinasa amri fulani na kuzizima kabla hazijatekelezwa. Mti ukijeruhiwa, baadhi huongezeka na nyingine hupungua. Amri za kukua zinaweza kunyamazishwa kwanza, ili zile za kujikinga na kuponya zipite.

Mke wangu akaacha kuchambua kahawa. "Yaani humo kuna mdogo anayemnyamazisha mkubwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kumbe hata mti umeoa."

"Ila babu," mjukuu akaongeza, akijifuta machozi ya kicheko, "hiyo ni habari ya kidonda. Kuzaa sijaahidi."

Mvua zilipokuja, kingo za kidonda zilivimba zikaanza kukutana kama midomo, na chini yake likatoka chipukizi jekundu. Nilimwita mke wangu, nikanyamaza, nilikuwa nimejifunza. Akainama, akaligusa kwa kidole.

"Umepigwa panga na bado unachipua," akauambia mti. Halafu akanigeukia. "Haya. Uuache mwaka huu nao."

Iliyohama ni chanja. Niliibeba upande mzito, nikimshukuru Mungu kila hatua. Parachichi tunaendelea kununua sokoni.