Siku Tuliyokula Bure Musoma

Nje ya duka la dawa, hapa Tarime ninapoishi siku hizi, kuna mama anayekaanga samaki kila jioni. Mafuta yakishachemka na ile harufu ikavuka barabara mpaka kibarazani kwangu, huwa naacha ninachofanya. Si njaa. Harufu ile inanichukua tu, na kabla sijajipanga vizuri nimeshakuwa mtoto wa darasa la kwanza, nimesimama kando ya ziwa, midomo inanata kwa sukari ya miwa, nami naamini kabisa kwamba nimefika kwenye mji ambao watu hula bila kulipa.

Naomba mnivumilie niwasimulie, maana siku ile niliishi nayo miaka mingi bila kujua niliona nini.

Sisi ni watu wa Robanda. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba la Bibi, na shamba la Bibi lilipoishia, hifadhi ya wanyama ilianza, paki kama tulivyoiita. Bibi alikuwa mama yake baba yangu. Mwaka ule mtama wake ulikuwa umebeba kweli kweli. Asubuhi alipita katikati yake akiyagusa mashuke kwa vidole, hili na lile, kama mwalimu anayekagua watoto wa shule waliopanga mstari. Kisha tembo wakaja. Tuliamka tukakuta shamba limelala chini, mashina yamesagika kwenye tope, na kila palipokanyagwa pana kidimbwi cha maji ya mvua, cha mviringo, kimetulia, na ndani yake mawingu yanatembea. Nakumbuka niliona vile vidimbwi ni vizuri sana.

Bibi hakuona uzuri wowote. Alikalia gogo nyuma ya nyumba akalitazama shamba, na kuanzia hapo akaacha kula. Hakusema amegoma. Ukimletea ugali alimega tonge, akaliviringisha mkononi muda mrefu, kisha akalirudisha kwenye sahani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Uji ulirudi umeganda juu. Baba akachinja mbuzi, akaagiza itengenezwe kichuri, ile nyama inayoungwa kwa maji machungu ya tumboni mwa mnyama, ambayo Bibi aliipenda kuliko chakula chochote duniani. Bibi akanusa, akageuza uso. Hapo ndipo nilipomwona baba yangu akiogopa.

"Mama," akamwambia, "nenda kwa Robi ukabadilishe hewa."

Robi alikuwa shangazi yangu, mdogo wake baba. Alikuwa ameolewa Musoma na muuza samaki, Mjaluo aitwaye Ochieng. Bibi aliipinga ndoa ile tangu siku ya kwanza. "Nimpe mtoto wangu mtu ambaye zizi lake ni maji?" Ndivyo alivyosema, na maneno hayo yalikuwa yakirudiwa nyumbani kwetu kila shangazi alipotajwa. Ndoa ilifungwa hata hivyo, na Bibi hakuwahi kukanyaga huko. Wakubwa walizoea kusema, "Bibi hamwangalii Ochieng usoni," na mimi niliyekuwa mdogo nikaelewa jambo moja tu: Bibi anamchukia.

"Sitalala kwenye nyumba ya yule kijana," Bibi alijibu.

"Hutalala. Robi atakutafutia kwingine."

"Na samaki sili. Samaki anakufa macho wazi. Nitamlaje mtu ananitazama?"

"Hakuna atakayekulazimisha, mama."

Bibi akalitazama shamba tena. "Nyamburi atakwenda na mimi," akasema. Nyamburi ndiye mimi.

Tulikwenda kwa pikipiki hadi Mugumu, kutoka hapo tukapanda basi. Ya njiani sitawachosha nayo, nilitapika tu. Shangazi alitupokea stendi, akapiga goti mbele ya watu wote. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, akamkagua kutoka kitambaa cha kichwani mpaka ndala. "Umenenepa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari akakosa pa kuanzia. Usiku huo tulilala chumba cha jirani yake, nesi wa kutoka Njombe aliyekuwa kazini, shuka zimenyooshwa, zinanukia sabuni.

Asubuhi kulikuwa na mawingu, hewa ya baridi kidogo. Shangazi alikuja akiwa amevaa vizuri.

"Leo tunaanzia sokoni, mama. Halafu nawapeleka paki."

Bibi aliacha kufunga kitenge chake. "Wapi?"

"Paki. Pale ufukweni."

"Robi. Mimi natoka paki. Nimekuja huku nipumzike paki."

"Hii haina tembo, mama. Ina viti."

Soko lile sijalisahau. Wakulima walikuwa wameshuka na mizigo ya vijijini alfajiri, na kila kitu kilikuwa bado kina umande wake: mafungu ya viazi vitamu vyenye udongo mwekundu, mihogo, mapera yaliyonukia mpaka kichwa kinalegea, karanga mbichi zikiwa na majani yake. Bibi alitembea taratibu, mikono nyuma. Alipofika kwa wauza mtama, mikono ikaja mbele yenyewe. Akachota punje kiganjani, akazipuliza, akatia moja mdomoni akaiuma kwa jino la pembeni.

"Huu mmeuwahisha kuvuna," akamwambia mwenye mtama.

"Tuliogopa ndege, mama."

"Ndege!" Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu shamba lilale nilisikia sauti yake ya kawaida. Wakaanza kuzungumza habari za ndege, na za tembo, na za mvua, wakaongea mpaka miguu yangu ikachoka.

Tulipotoka hapo, muuza miwa akatuita. Alikuwa ameshaandaa mfuko wa miwa iliyomenywa na kukatwa vipande vidogo kabisa, vyembamba, vile vya kunyonya bila kuuma. Shangazi akapokea, tukaondoka. Hakulipa. Mbele kidogo mama wa mahindi akatukabidhi hindi la kuchoma langu, na kwa Bibi akafungua sufuria akatoa la kuchemsha, laini, mvuke unapanda. Shangazi hakulipa tena. Muuza karanga, mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia, alimpa Bibi pakiti ya karanga zilizotwangwa na sukari, siyo zile nzima.

"Nani amekuambia sina meno ya mbele?" Bibi akamwuliza.

Yule mzee alicheka, macho yakamtoroka kwenda nyuma ya bega la Bibi. Mimi nikageuka kutazama. Niliona watu tu, na kati yao mwanamume mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, anaondoka haraka. Bibi hakugeuka. Alichukua ncha ya kitenge chake akakivuta kichwani mpaka kikamfunika upande mmoja wa uso, na hivyo ndivyo alivyotembea siku nzima. Nilidhani anajikinga na jua, ingawa jua halikuwapo.

Akala karanga zile. Nilimwona. Alizila moja kwa moja kutoka kiganjani, akitembea, kama mtoto.

Paki yenyewe ilikuwa kipande cha nyasi kati ya barabara na maji, chenye maua, viti vya saruji na mpiga picha mwenye mandhari ya maporomoko ya maji iliyochorwa kwenye turubai. Kiti kimoja, kilichotazama ziwa, kilikuwa kimetandikwa mkeka mdogo. Kijana wa barafu za ukwaju aliyekuwa amesimama karibu nacho alisema, "Hapa ni pa Bibi," akatupa barafu, akaenda zake. Kufikia hapo nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu. Robanda ukitaka kitu cha dukani lazima uwe na hela, lakini Musoma, ukifika, watu wanakupa.

Sijui tulikaa pale muda gani. Mawingu yalishuka mpaka ziwa na mbingu vikawa rangi moja, na ndege weupe walikuwa wamesimama juu ya yale mawe makubwa kama nguo zilizosahaulika kuanuliwa. Barafu iliyeyuka ikaingia kwenye mkono wa gauni langu. Bibi alivua viatu, akashuka mpaka maji yalipogusa vidole vyake, akasimama. Yeye alijua maji ya mto, yanayopita. Haya yalikuja, yakarudi, yakaja.

"Yanakwenda wapi?" akauliza.

"Hayaendi, mama," shangazi akajibu. "Yako hapa hapa."

Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kusimama. Mabega yake yaliyokuwa yamepanda tangu siku ya tembo nikayaona yakishuka. Sikuwa na maneno ya jambo lile. Nililamba kijiti cha barafu nikamtazama.

Mchana tulikwenda kula nyumbani kwa shangazi. Tulipoingia kwa mlango wa mbele nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa. Nikachungulia jikoni. Kwenye sinia palikuwa na lundo dogo la miiba ya samaki, imepangwa pembeni, na nje, akivuka uzio wa michongoma, alikuwa yule mwanamume wa mabuti.

"Shangazi, yule ni nani?"

"Ni mume wangu. Shika maji, ukamnawishe Bibi."

Nikajua basi. Anamkimbia Bibi, maskini. Nilimhurumia kukosa chakula nyumbani kwake mwenyewe.

Shangazi aliweka ugali wa muhogo na mtama, na bakuli la mnofu mweupe uliokaangwa kisha ukaungwa kwa nyanya. Hapakuwa na kichwa, hapakuwa na mkia, hapakuwa na mwiba hata mmoja.

"Nyama gani hii?" Bibi akauliza.

"Ni samaki, mama. Sikudanganyi." Shangazi akamsogezea bakuli. "Ila hana macho."

Niliangalia mikono ya Bibi. Ilimega tonge, ikaliviringisha, ikaendelea kuliviringisha. Kisha tonge likaingia kwenye bakuli, likaja mdomoni. Bibi akatafuna, macho yameelekea ukutani. Akamega lingine.

"Nani amemtoa miiba?" akauliza.

Shangazi alijifuta uso kwa kanga, akasema vitunguu vya Musoma ni vikali. Bibi alimaliza bakuli.

Tulipokuwa tunaondoka, Bibi alisimama katikati ya ua, kitenge kimemfunika uso, akasema kwa sauti kubwa kuuambia ule uzio: "Mwenye nyumba hii aambiwe nimekula nikashiba. Tukivuna, aje Robanda." Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nilidhani uzee umeanza.

Shuleni niliwatangazia wenzangu habari za Musoma, wakanionea wivu mpaka mwalimu akanionya niache uongo.

Msimu uliofuata tembo walipita kwingine, tukavuna, na Ochieng akaja na shangazi. Bibi aliamka mapema, akapika mwenyewe bila kukubali kusaidiwa: kuku, ugali wa mtama mpya, maziwa ya mgando kwenye kibuyu alichokifukiza moshi siku nzima iliyotangulia. Akafagia nyumba yake, akatoa kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata baba hakukikalia, akakiweka mezani. Kisha, pikipiki iliposikika mbali, akajifunika kitenge akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwa jirani.

Nilimfuata nikiwa na hasira. "Bibi, kwa nini unamkimbia mgeni?"

Alikaa kwa jirani mpaka jua likapinda, anachambua choroko zisizokuwa zake, na kila mara ananituma. "Kaangalie kama anakula." Nilikimbia, nikarudi. "Anakula." "Kuku ameguswa?" Nilikimbia tena. "Ameguswa, Bibi. Amekula mpaka kidari." "Na maziwa?"

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha siku shangazi aliponieleza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba yake, tukiwachambua dagaa. Kwetu, akasema, na hata kwa kina Ochieng, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja. Ndiyo heshima yenyewe. Siku ile ya Musoma mumewe aliamka kabla yetu akatutangulia kila mahali, sokoni, ufukweni, kwa muuza miwa na kwa muuza barafu, analipa na kueleza: anakuja mama, hana meno ya mbele, hajala siku nyingi, mpeni kilicho laini. Kisha anaondoka kabla hatujafika. Bibi alijua tangu kwa muuza karanga.

"Kwa hiyo kitenge hakikuwa cha jua," nikasema.

"Jua gani?" shangazi akacheka. "Siku ile kulikuwa na mawingu."

Mpaka Bibi anafariki, wale wawili hawakuwahi kutazamana. Ochieng alikuja Robanda kila baada ya mavuno, na kila alipokuja Bibi alimwachia nyumba nzima, akaenda kwa jirani kungoja apelekewe habari kwamba mtoto ameshiba.