Mkono Chini ya Mgongo

Kavindu wa Tassia alikuwa mjanja wa maji, na ujanja huo ulimpa kichwa si haba. Mwanamke aliyezaliwa Kitui, kwenye mito ya mchanga mtupu ambako maji huchimbwa, angejulia wapi kuogelea? Alijifunza ukubwani, akiwa mfagiaji wa bwawa la shule moja huko Embakasi. Siku hizi kanisa lake hulikodi bwawa hilo kila Jumamosi kwa ajili ya familia za wakimbizi, na mwalimu ni yeye.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu: anakulaza chali majini, mkono wake chini ya mgongo wako, halafu anakupigia domo. Sukuma wiki imepanda, landilodi wa mtaa wa Pipeline amefunga maji tena, fulani ameolewa. Wewe unacheka, yeye anautoa mkono polepole bila kukwambia. Ukija kushtuka, kumbe unaelea peke yako! Hakuna aliyewahi kumnunia kwa hilo.

Kisha akaja Nabintu kutoka Bukavu. Mashua yao ilikuwa imepinduka ziwani wakikimbia vita, na kijana wake Mugisho akafa maji. Binti yake Riziki alinusurika, lakini yalikuwa maisha gani hayo? Mvua ikijaza barabara ya Pipeline, mtoto anapanda kitandani na kupiga mayowe. Bwawani alikataa katakata kuingia. Alimwambia mamake aelee kwanza.

"Mwalimu, leo nitaelea," Nabintu alisema huku akiingia majini. "Mtoto anaangalia."

"Tulia tu, Mama Riziki. Nimekushika, usiogope."

Yakaanza ya landilodi. Nabintu alicheka hata akalegea, na Kavindu akautoa mkono.

Mama wa watu akaelea! Kisha akapapasa chini yake, akakuta maji tu. Lo, ukelele uliotoka hapo! Alimeza maji, akamparura Kavindu shavuni, akaita, "Mugisho! Mugisho!" Kavindu alimburura hadi ukingoni, naye amepandwa na hasira.

"Lakini ulikuwa unaelea, mama! Kwa nini unaniumiza?"

Nabintu alikohoa mpaka maji yakamwisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, binti asisikie.

"Nilikuwa nimewashika wote wawili. Mikono ikachoka. Nikamwambia Mugisho, mama amekushika, usiogope. Nilimwambia hivyo, mwalimu, na huku namwachilia."

Kavindu aliona aibu. Maneno yale yale! Na watu wangapi alikuwa amewadanganya hivyo, akajiona bingwa?

"Turudi," Nabintu akasema. "Ila safari hii uniambie ukitoa."

Wakarudi. Hapakuwa na hadithi wala kicheko.

"Natoa, Mama Riziki."

"Toa."

Nabintu alielea, macho wazi, meno ameyauma. Alielea mpaka Kavindu akalia. Kisha Nabintu akasimama, maji kifuani, akamnyooshea binti yake mikono yote miwili.

"Umeona? Njoo sasa, Riziki. Mama atakushika, usiogope."

Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hata Mugisho ulimwambia hivyo," akasema. "Nilisikia."