Kipaza Sauti Kilichotiwa Maji ya Magome

Baba yangu alizaliwa Kafutuma, katika ukoo wa wavuvi wa nyavu. Mama yangu alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kwa sababu yake nyumba yetu ya Nchelenge ilisema Kiswahili huku majirani wote wakisema Kibemba. Majina yao, mjukuu wangu, usiyaandike. Wamekwisha kuyarithi wadogo zako, na sipendi jina la mtoto anayecheza uani liwekwe katika habari ya huzuni. Andika ninavyosema, usipambe. Sikuingia darasani hata siku moja, lakini utanisomea, na neno uliloliongeza nitalitambua.

Ilikuwa ile miaka ambayo ninyi mliosoma mnaiita ya hamsini. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa amekwenda kuchimba shaba. Hakujua kuandika, wala mama hakujua kusoma. Siku ya kuondoka alimwambia mama hivi: watu wa redio hufika migodini na mashine ya kunasa sauti, na wachimbaji husalimu nyumbani kwao, kila mtu kwa kinywa chake. "Nitasema, mama. Wewe sikiliza tu."

Mvua zikaja, zikaisha. Kisha wasafiri wakaleta habari kwamba mahali fulani chini ya ardhi dari imeanguka juu ya watu. Mahali gani, hawakujua. Tangu hapo mama hakula chakula akakimaliza.

Redio pekee ya karibu ilikuwa ndani ya gari la mjomba, ndugu mdogo wa mama, aliyenunua samaki wakavu kwetu na Chisenga na kuwapeleka mijini. Ilikuwa katika dashibodi. Jioni ya salamu alilisimamisha gari mbele ya nyumba yetu, milango wazi, na watu wakajaa. Lakini magunia ya samaki huleta mende, na ziwa huleta unyevu. Mende na unyevu vilikuwa vimeila ile faneli ya karatasi iliyomo katika kipaza sauti, na redio ikawa inakoroma. Mjomba akaapa kwamba hatarudi safari nyingine bila kingine.

Vikapatikana viwili, tuvijaribu na kuchagua. Kimoja kilikuwa kidogo, cha umbo la yai, kimetengenezwa kwa ajili ya magari, nacho kiliingia katika tundu la dashibodi bila kulazimishwa. Cha pili alikileta mchuuzi wa Kongo aliyevuka nacho ziwa kwa mashua. Kilikuwa cha mviringo, kikubwa kama sahani ya ugali, kimetolewa katika redio ya baa, na sumaku yake ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ili kiingie, ingebidi bati la dashibodi likatwe.

Mama aliketishwa kiti cha mbele. Baba alisimama mbali, kwenye vichanja vya samaki, apime sauti inafika wapi. Mjomba akaziunga nyaya za kile kikubwa kwa vidole. Ulikuwa unaimbwa wimbo wa kanisani, na bati lote likatetemeka, funguo zikalia, na watu wa vichanjani wakaanza kucheza.

"Munasikia?" mchuuzi akapiga kelele. "Hii inasema sawa mwanaume! Ile kidogo yenu inasema sawa mutoto hajakula."

"Na wewe unasema sawa mtu aliyekula vya wote wawili," mjomba akamjibu, na watu wakacheka.

Wimbo ulipokwisha, mtu akaanza kusoma habari. Sauti ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi. Mjomba akazihamishia nyaya kwenye kile kidogo. Hapo vichanjani wakaguna kwamba hawasikii kitu. Mama hakuguna. Aliinama mpaka paji la uso likagusa dashibodi.

"Nimemsikia akivuta pumzi kabla ya kusema," alisema. "Hiki."

"Yaya," mjomba akamwambia dada yake, "watu wa nyuma hawatapata hata neno."

"Watu wa nyuma hawakumzaa."

Basi kidogo kikachaguliwa. Mchuuzi akakifunga kikubwa katika kitambaa, akavuka nacho kurudi kwao. Mjomba alikuwa na mzigo wa kuchukua Chienge, akakiacha kidogo nyumbani kwetu. Angekifunga kwa skrubu akirudi, siku ya salamu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana ninyi mmekulia nyavu za nailoni. Nyavu za wakati ule zilikuwa za nyuzi za pamba, na pamba huoza majini. Kwa hiyo wavu mpya ulitiwa maji ya magome kabla ya kugusa ziwa: magome huchemshwa mpaka maji yanakuwa mekundu sana, wavu huloweshwa, hukaushwa, huloweshwa tena. Baba aliitazama ile faneli ya karatasi, akakumbuka namna ile ya kwanza ilivyooza. Mama alikuwa shambani. Baba akachukua unyoya wa kuku, akaipaka maji ya magome polepole, ndani na nje, akaianika kivulini, akarudia. Alifanya kwa uangalifu kama alivyoufanyia wavu wa kwanza aliomnunulia kaka yangu. Pwani yote ile hakukuwa na mvuvi ambaye angemzuia.

Jioni ya salamu mjomba alikuja amechelewa, akakifunga haraka bila kukitazama, akawasha. Ikatoka sauti kama ya kucha juu ya bati. Akakifungua. Karatasi ilikuwa imekuwa ya kahawia, ngumu, imejikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekitia magome," baba alisema. "Kisioze."

Mjomba akaanza kucheka, kisha akamwona mama. Akakirudisha kilivyokuwa, hapakuwa na kingine. Mama akaketi mahali pake, paji la uso kwenye dashibodi, akasikiliza mpaka mwisho. Wanaume walikuwa wakipokezana kusema. Hilo lilijulikana, kwa sababu mikwaruzo ilikoma, ikaanza tena. Mama hakuweza kujua ni mkwaruzo upi uliokuwa mtoto wake, wala kama alikuwamo.

Baadaye mnunuzi mmoja wa samaki alifika kutoka Chienge. Alikuwa anacheka tangu mbali. "Mama! Nimemsikia kijana wako kwa redio ya dukani! Mzima!"

Mama akaketi chini. Kisha akauliza, "Alisema nini?"

"Alisalimu."

"Alisalimu namna gani?"

"Salamu za kawaida tu, mama, kama wengine."

Mama alikula siku ile. Lakini tangu hapo, alimwuliza swali lilelile kila mtu aliyetoka Chienge, na kila mmoja alikumbuka sauti, hakuna aliyekumbuka maneno. Hakumgombeza baba. Baba naye hakuchemsha tena magome nyumbani kwetu. Alibeba nyavu zake kwa jirani, na alirudi usiku umeingia.

Kaka alirejea mama akiwa amekwisha kuzikwa. Nilimwuliza mimi, kwa niaba ya mama. Alifikiri, akainua mikono. "Dada, nani anakumbuka salamu?"

Mjukuu wangu, kile kipaza sauti kimo katika debe la unga chini ya kitanda changu. Mama alikataa kisitupwe, na mimi nimekataa. Kitunze wewe. Usikipeleke kwa fundi, usiisugue ile rangi ya kahawia, kwa kuwa ni mikono ya baba yangu. Mende wakiingia, badili debe. Na wakikuuliza kinasema nini, waambie ukweli: hakijasema hata neno moja tangu kilipofungwa.