Jino Lililotupeleka Sinema

Wakati wa Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita imajensi tu, mwanamume aliyetaka kumtoa msichana matembezi mjini Meru alihitaji vitu viwili: pesa na pasi. Yule aliyenipenda mimi alikuwa na pesa kidogo ambazo hakutaka kuzitoa, na pasi hakuwa nayo kabisa.

Nilikuwa nikijifunza uuguzi katika hospitali ya misheni. Kwetu ni Embu, kule chini kwenye joto na mbuzi, na mjomba wangu ndiye aliyenileta Meru kwa sababu aliamini kwamba msichana anayejua kusoma asiachwe akachunga. Yule aliyenipenda alikuwa fundi wa trekta katika shamba la ngano la mzungu mmoja huko Timau. Tulijuana siku alipoletwa hospitalini kidole kimebanwa na chuma. Nilimfunga bendeji, nikamwambia arudi wiki inayofuata abadilishiwe. Alirudi na bendeji ileile, ameifua, ameianika na kuikunja vizuri, akaniomba nimfunge hiyo hiyo ili ile mpya ibaki kwa mgonjwa mwingine. Wenzangu walicheka hadi sista mkuu akatoka ofisini. Mimi sikucheka. Nilitazama ile bendeji, ilikuwa nyeupe kuliko zetu.

Baada ya hapo alianza kunitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa lori la shamba, lililoteremsha ngano Meru kila mara. Barua ingehitaji stempu. Dereva alikuwa mzee wa Kimeru mwenye sauti kubwa, naye alizitoa zile salamu akiwa getini bila kushuka, hospitali nzima ikisikia. Ndivyo nilivyopata habari, pamoja na wagonjwa wa wodi ya wanaume, kwamba Jumamosi ningepelekwa kula hotelini na kutazama sinema.

Sinema yenyewe ilikuwa ya bure. Zamani gari la serikali lilisimama uwanjani na kuonyesha picha giza likiingia, lakini kafyu iliharibu mambo hayo, maana giza likiingia kila mtu alitakiwa awe ndani kwake. Basi wakabuni njia nyingine: picha zilionyeshwa mchana, ndani ya ukumbi upande wa Kinoru, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Safari ya kutoka Timau ilikuwa ya bure pia, juu ya magunia ya ngano. Chakula tu ndicho kilichokuwa cha kulipia, na hilo alikuwa amelikubali kwa moyo mzito kama mtu anayekubali kulipa faini.

Tatizo lilikuwa pasi. Bila karatasi yenye sahihi ya bwana wake hangevuka kizuizi hata kimoja, na bwana yule hakutoa ruhusa ila kwa ugonjwa au kifo. Upande wa vifo alikuwa ameshautumia vya kutosha. Nyanya yake alikuwa amezikwa mara mbili, na mara ya pili bwana alimpa pole kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo safari hii akasema anaumwa jino. Bwana akaandika kwamba anakwenda hospitali kung'olewa jino, karatasi irudi na muhuri wa hospitali, na yeye mwenyewe akirudi Jumapili aje aonyeshe pengo.

Dereva ndiye aliyenisimulia ya njiani. Pale Kiirua askari waliwateremsha, wakasoma pasi, wakamuuliza ni jino gani. Akashika shavu la kushoto na kukunja uso. Walipofika karibu na mji wakasimamishwa tena na askari wengine, nao wakauliza vilevile. Akashika shavu la kulia. Kwa bahati wale askari hawakuwa wamezungumza na wa Kiirua.

Alifika getini asubuhi amevaa koti kubwa la jeshi la kushinda baridi ya Timau, ambalo Meru lilimfanya atoke jasho kama anayelima. Akanionyesha pasi, akaniuliza kama ningeweza kumwombea muhuri tu, halafu tuondoke zetu. Nilimwambia muhuri unakaa mezani kwa mzee wa meno. Huyu alikuwa mganga msaidizi aliyekuwa ameng'oa meno ya watu tangu kabla hatujazaliwa, na alikuwa mzee wa kanisa. Tukaenda pamoja. Nikamweleza kwa upole kwamba kijana huyu jino limepoa njiani, anahitaji muhuri tu.

Mzee hakuinua macho. "Muhuri hufuata jino," akasema. "Haujawahi kulitangulia."

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje. Hapo mambo yalikuwa si ya mchezo tena. Siku hizo mtu aliyekutwa na pasi ya uongo aliweza kupandishwa gari na watu wake wasijue alikopelekwa. Yeye mwenyewe alitazama mikono yake. Kisha akaniambia nimtazame mdomoni, nimchagulie.

Alifungua mdomo kuelekea jua, nami nikainama. Hakuna mwanamume aliyewahi kunifungulia mdomo hivyo kwa hiari yake. Meno yake yalikuwa mazuri mno, meupe, yamepangana kama punje za mahindi, na nilisikia huruma kama anayeambiwa achague mbuzi wa kuchinja katika zizi la mbuzi wenye afya. Nilipitia moja moja. Mwisho kabisa, nyuma kule chini, nikaona gego la mwisho limeota upande, halitafuni wala halionekani akicheka. Nikamwambia hilo. Akalipapasa kwa ulimi, akaniuliza kama nina hakika halina kazi. Nikasema halina. Akasema basi limekula bure miaka yote hiyo, na akasimama.

Kung'oa kulikuwa kwa bure. Mzee wa meno alimdunga sindano, akapigana na lile gego hadi akavua miwani, akalitoa. Akapiga muhuri kabla hata ya kunawa. Kisha akamjaza pamba shavuni na kumwamuru asitafune chochote mpaka jioni.

Ndipo tukaenda kula.

Hoteli ilikuwa Majengo, ya mama mmoja wa Kiislamu aliyepika wali na nyama hadi harufu ikafika barabarani. Nilidhani tungepita tu, lakini alikuwa ameahidi, na ahadi kwake ilikuwa deni. Tukaketi. Akainua kidole kimoja: sahani moja. Mtoto wa yule mama aliyetuhudumia alitutazama kwa huruma, akaleta sahani moja na vijiko viwili. Kijiko cha pili kikarudishwa kwa ishara.

Basi nikala, na yeye akanitazama. Si rahisi kula mbele ya mtu aliyevimba shavu, mdomo umelala upande mmoja, anayefuata kila tonge kwa macho. Lakini chakula cha hospitali kilikuwa mahindi na maharagwe, kesho yake maharagwe na mahindi, na nyama ile ilikuwa laini. Nilikula nikamaliza, nikaikwangua sahani.

Akaegemea meza. Niliona anataka kusema neno kubwa, maana alivua kofia. Kwa sababu ya pamba na sindano, kilichotoka ni kitu kama, "Aaka kueeta waee."

Nikasikia: nataka uletewe wali.

Nilishangaa. Nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kwamba huyu ni bahili, na hapa, amekaa na njaa yake, ananiagizia sahani ya pili. Moyo wangu ulilainika kweli. Nikamwambia, "Ndiyo. Nimekubali, na asante sana."

Macho yake yakajaa maji. Nikayaona hayo machozi nikafikiri ni maumivu ya jino. Nikageuka nikamwita yule mtoto, nikaagiza wali mwingine na nyama. Mwenzangu hakupinga. Alilipa sahani zote mbili huku akitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa hai, na mama mwenye hoteli akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mtu akifurahia kulipa namna hiyo.

Ukumbini tulikuta watu wamejaa hadi ukutani. Joto la mablanketi na watu lilikuwa kama la ndani ya chungu. Picha ya kwanza ilihusu kuogesha ng'ombe kwenye josho. Wazee walioketi mbele hawakuwa na habari na dawa. Walibishana juu ya fahali mmoja mwekundu, wengine wakisema hafai, na kila ng'ombe aliyeruka majini alipewa bei. Kila mara mtu alipoinua pembe ya blanketi apate hewa, mwanga uliingia na ng'ombe wote wakatoweka, na ukumbi ukamtukana kwa Kimeru.

Picha ya pili ilikuwa ya kuchekesha, haina maneno. Mwanamume mnene amebeba kitanda kupitia mlango mwembamba. Anakisukuma, kinamsukuma. Anakipitisha, kisha anajikuta yeye ndiye amebaki nje. Mwenzangu alikuwa hajawahi kuona sinema maishani. Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia. Pamba ikaruka ikatua sijui wapi, na damu ikaanza kumtoka. Hakuisikia, kwa sababu ya sindano. Aliendelea kucheka, damu ikimchuruzika kidevuni na kwenye koti.

Wakati huohuo mtu akainua blanketi. Mwanga ukatupiga sisi. Mlangoni alisimama homugadi, yaani mgambo wa serikali, mwenye bunduki, na alichokiona ni mtu wa koti kubwa, mdomo umejaa damu, anacheka. Haikuwa miaka ya mtu kuonekana hivyo, kama mpiganaji aliyetoka msituni.

Homugadi na mwenzake wakamtoa, mikono kichwani. Ukumbi ukanyamaza ghafla, hata wale wazee wa fahali. Mimi nikafuata, nikishukuru tu kwamba nilikuwa nimevaa sare ya hospitali. Nje wakamkalisha chini kwenye vumbi. Sajenti wa polisi akaja, mtu mrefu asiye na haraka, akaomba pasi. Akaisoma yote, akautazama muhuri, akamtazama yeye.

"Fungua mdomo," akasema.

Akafungua. Sajenti akawasha tochi mchana ule, akachungulia mpaka nyuma, akakaa huko kwa muda. Nikafikiri: kama tungepata ule muhuri wa bure, leo ningemwona kwa mara ya mwisho.

Sajenti akazima tochi. Akasema pengo ni la leo, halina shaka. Lakini akataka kujua ni mtu wa namna gani anayetoka kung'olewa jino na kwenda moja kwa moja sinema badala ya kwenda kulala.

Mwenzangu, ambaye sasa hakuwa na pamba, akajibu vizuri kabisa: "Ilikuwa ya bure, afande."

Sajenti akamtazama, akanitazama mimi kama anayenipa pole, akamrudishia pasi yake na kutuambia twende tukatafute pamba nyingine. Nyuma yetu ukumbi ulikuwa umeanza kucheka tena. Hatukujua kamwe kama yule mnene alikiingiza kitanda chake.

Tulirudi hospitalini kwa miguu, yeye amebana kitambaa changu mdomoni. Njiani akaanza kuniambia kwamba baba yake angependa mambo yafanyike baada ya mavuno, kwamba mbuzi wapo ingawa si wote wanene, na kwamba shida itakuwa pasi za wazee kufika Embu. Nikamuuliza ni mambo gani.

Akasimama. "Ya wazee. Si ulikubali pale hotelini?"

Nikamwambia kwamba pale hotelini nilikubali wali.

Niliona anazipitia zile sahani mbili kichwani, ya kwanza na ya pili. Nilingoja alalamike. Hakulalamika. Aliondoa kitambaa mdomoni, akaniuliza polepole, akitamka kila neno kama anayemfundisha mtoto kusoma, iwapo wali ulikuwa mzuri. Nikasema ulikuwa mzuri sana. Akauliza, na wazee je?

Nilimtazama lile shavu lililovimba. Nikamwambia awalete.

Bwana wake alichungulia pengo Jumapili, akaridhika, akampa chumvi ya kusukutulia. Wazee hawakuja baada ya mavuno yale wala yaliyofuata, kwa sababu ya pasi. Walikuja kafyu ilipoondolewa, na baba yangu aliwahoji jua likageuka. Niliolewa, nikapanda kuishi Timau, mahali ambapo asubuhi majani hulia chini ya mguu kwa baridi, nami niliyekulia kwenye joto nilitetemeka hata jikoni.

Wiki ya kwanza alinipeleka dukani. Akachagua viatu vizito vya ngozi, vya kike, akanivalisha mwenyewe, akakubali bei iliyotajwa bila neno. Mhindi mwenye duka, ambaye alizoea kubishana naye hata kwa kipande cha sabuni, alimtazama kwa wasiwasi, akamuuliza kama anaumwa. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, akapunguza bei mwenyewe.