Nilimmezesha Mume Wangu Damu Yake

Kiangazi kile vumbi la Likasi liliingia mpaka ndani ya sufuria. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilikuwa kimesimama, naye alishinda uani akinoa jembe ambalo halikuwa butu. Adhuhuri moja tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi wa ziwa Tshangalele, kitoweo chetu cha kila siku. Nikaona tone jekundu limeangukia sahanini mwake. Likafuata la pili. Kisha pua yote ikafunguka.

Nilifanya nilichomwona mama yangu akifanya. Nilimlaza chali, nikammwagia maji utosini. Damu ikaacha kutoka, nikamshukuru Mungu. Kumbe ilikuwa inashuka kooni. Ghafla akainuka, akatapika mabonge meusi, akanishika mkono.

"Mama, miye ninaisha."

Nikapiga yowe. Jirani akaleta baiskeli, tukamkalisha nyuma, tukamsukuma hadi hospitali. Njia nzima nilikuwa nikikivuta kichwa chake nyuma, kitenge changu kikilowa. Tulipofika, lango lilikuwa na mnyororo. Wauguzi walikuwa wamegoma, miezi mingi bila mshahara. Nikalitikisa lango lile, nikaita, nikapiga magoti.

Aliyetoka ni mlinzi, mzee aliyewahi kupiga deki wodi zile kwa miaka mingi.

"Mama, achia kichwa yake! Ni weye unamumezesha damu."

Akamketisha kwenye tofali, akamwinamisha mbele, akambana pua pale palipo laini, chini ya mfupa. "Pumua na kinywa, papa. Usiongee."

"Nani ametufanyia hivi?" nikamuuliza, maana kichwani nilikuwa nimeshawahukumu majirani wawili.

"Hakuna muntu. Mavumbi ya kiangazi inakausha pua, mishipa ya ndani inapasuka. Lakini damu kukatala kusimama hivi, kwa muntu mukubwa? Mumupimishe tansio."

Alibana mpaka vidole vyake vikachoka, nikampokea kubana. Jua lilikuwa limeshainama damu ilipokauka. Mume wangu alilia kama mtoto, nami nikamfuta uso kwa kitenge.

Wauguzi waliporudi kazini tulimpima. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana, na kabati la dawa lilikuwa tupu.

"Asikule tena samaki ya chumvi," muuguzi alisema.

"Sasa tukule bukari na nini?"

Akaangalia dirishani. Akamwita mgonjwa mwingine.

Nilichuma matembele, nikayapika bila chumvi. Alikula kidogo tu, akiyatazama, na siku nyingine hakula kabisa. Mvua zilipoanza alianguka shambani kwetu, kando ya njia ya Kamatanda, akiwa na jembe mkononi. Upande wake wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka yote isipokuwa "ndiyo". Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza anataka kufa, ndiyo.

Aliishi hivyo miaka minne, mimi nikimgeuza kitandani asubuhi na jioni.