Nicanor Ageuka Yaya

Mvua za Aprili zilipoanza, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba Nicanor kule Macalder lilijaa maji, na wachimbaji wakaambiwa wakae nyumbani mpaka likauke. Dada yake Lynnet hakungoja hata amalize chai. Alimwekea mtoto mapajani.

"Kwa kuwa huna kazi, shika huyu. Vumbi la mawe linamkohoza."

Lynnet aliponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wengine waliobeba watoto mgongoni. Nicanor alikuwa hajawahi kubadilisha nepi. Siku hiyo alimvalisha mtoto suruali mbele nyuma, akamwaga uji, nusura walie wote wawili. Kisha mtoto akazikamata ndevu zake, akacheka, na wakaelewana.

Wenzake wa shimoni walipita wakimtania. "Omera, ndugu yetu, umejifungua lini?"

"Jana," akajibu, "na bado hamjaniletea supu ya mzazi."

Lynnet aliporudi alimkuta mtoto amelala bila kikohozi. Punde majirani nao wakaleta watoto wao. Nicanor akafagia chumba, akafunika ndoo za maji, kisha akaenda zahanati kuuliza mtoto aliyepaliwa husaidiwaje. Muuguzi alicheka kwanza, halafu akamfundisha.

Habari zikamfikia mwalimu Priscilla wa Uriri, ambaye mwanawe Gordon alikuwa amefukuza mayaya kadhaa kwa kuwauma. Alikuja naye, akasimama mlangoni kwa mashaka.

"Niliambiwa kuna yaya hapa."

"Ndiye mimi, mwalimu. Karibu."

Hata kabla mwalimu hajaketi, Gordon alikuwa ameuma kidole cha Nicanor. Nicanor hakumkemea. Alimpa kiazi kitamu kilichopoa.

"Uma hiki. Ni kitamu kuliko mimi."

Gordon akakimaliza, akanyoosha mkono apewe kingine. Priscilla akaketi.

"Unaweza kuanza kazi kwangu Jumatatu?"

"Naweza, nikipata wa kukaa na hawa."

Akamtafuta Lorine, binti wa jirani aliyekuwa amemaliza shule, akamfunza yote aliyoyajua, hata yale ya muuguzi.

Shimo lilipokauka, msimamizi alimpigia simu arudi kazini. Nicanor alikuwa Uriri akianika nguo, Gordon amefungwa mgongoni kwa leso, usingizi umemchukua.

"Tafuteni mtu mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu akiamka, tunaenda kuangalia ng'ombe."